Mpwa wangu alidisko (aliachishwa chuo kwa kufeli) MD, yaani shahada ya udaktari, sasa anaomba upya kwa cheti cha CO (afisa tabibu). Aseme au anyamaze?

#1 Mjomba Kitangari
Salaam wadau. Naomba mawazo, matusi pelekeni kwenye uzi wa mpira.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, na sisi Wamakonde mnajua mjomba ndio anaulizwa kila kitu mpaka mambo ambayo hajayasomea. Dogo alimaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia, baiolojia) hapo Ndanda, akachaguliwa MD chuo fulani (sikitaji), akaenda na mkopo juu. Mwaka wa kwanza ukamshinda, akapewa sapu (mitihani ya marudio), sapu nazo zikamkataa, akadisko. Akarudi nyumbani kimyakimya, msimu mzima yuko shambani anaokota korosho na bibi yake, ukimuuliza anakwambia "tutaongea mjomba". Baadae akajikusanya akaingia chuo cha maafisa tabibu hapa Mtwara, miaka mitatu, katoka na GPA ya 3.8, saa hizi yuko zahanati moja huko Tandahimba anatibu na watu wanamwita dokta.

Sasa anataka kurudi MD kwa kutumia hiyo diploma. Juzi kaenda steshenari pale karibu na stendi kujaziwa maombi, wakafika mahali mfumo unauliza umewahi kudahiliwa chuo kikuu chochote kabla ya hapa, ndiyo au hapana. Kijana wa steshenari akamwambia weka hapana, wote wanaweka hapana, ukiweka ndiyo linafunguka boksi la maelezo na hilo boksi ndio kaburi lako. Dogo akamwambia hifadhi kwanza hapohapo usitume, akanipigia.

Hoja yangu mimi ni hii, ile MD haikumpa cheti. Anaomba kwa diploma na diploma ni yake, kasoma, kafaulu. Kitu kisicho na cheti kuna ulazima gani wa kukitaja? Dada anasema asitaje, shemeji anasema ataje, mimi nimekaa katikati kama mpira wa kona.

#2 Kuchele Damu
Naweka kambi hapa, kahawa iko jikoni.

#3 Ming'oko na Chai
Asitaje. Hao jamaa wanachagua kwa alama, kiti ni kimoja wanaogombania ni mia, ukijitia kimbelembele cha kusema ulifeli ndio umewarahisishia kazi ya kukukata. Mbona mtu akienda kuposa haanzi na orodha ya waliomkataa?

#4 Dirisha la Tatu
Mleta uzi nimewahi kukaa dawati la udahili, si huko kwenu, lakini mambo ni yaleyale. Acha kwanza hilo swali la aseme asiseme, uliza anafichika? Mwanafunzi wa Tanzania kitambulisho chake halisi ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Ile S ngapi ngapi na mwaka wake. Ukiomba chuo unaiweka hiyo, matokeo yanakuja yenyewe kutoka NECTA (baraza la mitihani), huandiki wewe. Ukiomba mkopo HESLB (bodi ya mikopo) ni hiyohiyo. Diploma yako NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi) wanaitambua kwa hiyohiyo. Chuo kikichagua watu majina yanapelekwa TCU (tume ya vyuo vikuu) na namba zao. Kwa hiyo dogo akiandika hapana, jina lake na namba yake bado vimekaa kwenye orodha ya wale waliodahiliwa mwaka ule. Anamficha nani sasa?

#5 Ming'oko na Chai
@Dirisha la Tatu kama wanajua wote mpaka wa kijiji, kwa nini wanauliza?

#6 Dirisha la Tatu
Swali zuri na jibu lake sikupi kwa uhakika. Pale kwetu tulikuwa tunauliza ili kujua kama mtu anahamisha masomo au anaanza upya, hayo ni mafaili mawili tofauti.

#7 Nachi One
Mimi naamini wanauliza ili kukupima. Mwalimu akikuuliza nani kavunja kioo huwa anamjua.

#8 Mzee wa Mikindani
Vijana mnawapa watu akili nyingi. Hiyo fomu mtu kaichukua kwenye mfumo wa chuo kingine kaibandika vilevile, hata aliyeibandika hajui swali linatumika wapi. Nimefanya kazi ofisi za serikali mpaka nikastaafu, tulikuwa na fomu inauliza jina la chifu wako. Chifu! Na machifu hawapo enzi na enzi.

#9 Kuchele Damu
Hahaa mzee ulikuwa unajaza nani?

#10 Mzee wa Mikindani
Nilikuwa napiga mstari.

#11 BintiMasasi
Mnacheka lakini mimi naomba niseme ya kweli. 2017 ile ya uhakiki wa vyeti mnaikumbuka? Watumishi 9,932 walitolewa kwa siku moja kwa digrii feki, Magufuli alipokea ripoti pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Zahanati ya jirani na kwetu kulikuwa na nesi mmoja mama mtu mzima, kazalisha nusu ya watoto wa kijiji, mkono mwepesi, usiku wa manane ukimgongea anatoka na kandambili na tochi. Kumbe cheti cha kidato cha nne ni cha dada yake aliyeolewa mapema. Vyeti vya zamani si havikuwa na picha. Aliondoka na ndoo zake mbili na godoro, kijiji kizima kimesimama barabarani hakuna anayejua aseme nini, wengine wanalia wengine wanasema mwizi. Ile zahanati ilikaa muda mrefu na mhudumu mmoja tu, kina mama wakawa wanakodi bodaboda kwenda kujifungulia mbali. Sasa mimi mpaka leo sijui nani alimuumiza nani. Na kila nikisikia mtu anaambiwa "ficha tu hawatajua" namuona yule mama na zile ndoo.

#12 Wakili Msomi wa Chikongola
@BintiMasasi pole, lakini turekebishe. Ile ripoti ya 28 Aprili 2017 haikuhusu digrii. Kilichohakikiwa na NECTA ni vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu. 9,932 ndio waliokutwa na vya kughushi. Kundi la huyo mama ni jingine, lile la vyeti vyenye utata, vyeti 1,538 vilikuwa vinatumiwa na watu 3,076, yaani kwa wastani cheti kimoja watu wawili. Na waliotolewa kwa kughushi, 2022 serikali ikakubali warudishiwe michango waliyokuwa wanakatwa kwenye mifuko ya hifadhi, ile ya kwao wenyewe.

Kuhusu dogo. Yeye hajaghushi kitu. Kughushi kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kutengeneza nyaraka ya uongo, na hilo kifungo chake kinafika miaka saba. Hapa nyaraka zote ni za kweli. Ila mleta uzi unachanganya vitu viwili. Kutotaja ni pale ambapo hujaulizwa. Hapa kaulizwa. Akibonyeza hapana hajanyamaza, kajibu, na kajibu uongo, halafu chini ya fomu kuna ile sehemu ya kuthibitisha kwamba yote niliyoeleza ni kweli na nikibainika vinginevyo udahili wangu ufutwe. Ile ndio kamba, kajifunga mwenyewe. Wanaweza kumfuta mwaka wa nne ada zote zimeshaliwa.

#13 Mjomba Kitangari
@Wakili hapo umenigusa. Sikuwa nimeisoma ile ya chini, dogo naye sidhani, kijana wa steshenari ndio anaweka tiki.

#14 BintiMasasi
Sawa wakili, digrii au sio digrii mama wa watu kaondoka.

#15 Korosho Ghafi
Mimi swali langu dogo, huyo mtoto mlimuombea mkopo mkapata. Alipodisko lile deni lilikwenda wapi?

#16 Mjomba Kitangari
Lipo. Hakuna aliyelipa. Dada anasema si alifeli sasa analipia nini.

#17 Dirisha la Tatu
Ayayaya. Basi habari imekwisha, mficheni chuo lakini HESLB hamumfichi. Utaratibu wao mtu aliyeacha au kuachishwa masomo huku ameshakula bumu (posho ya mkopo), akitaka mkopo tena anatakiwa kwanza arudishe asilimia 25 ya aliyopokea. Ataweka namba yake ya kidato cha nne, deni litatokea palepale lina jina la chuo cha kwanza na mwaka. Halafu sasa faili moja linasema hajawahi kudahiliwa na faili jingine linasema tunamdai ada ya mwaka wa kwanza wa MD. Mtu mmoja tu akiyaweka mezani pamoja mchezo umeisha.

#18 Ming'oko na Chai
Asiombe mkopo.

#19 Korosho Ghafi
@Ming'oko unajua ada ya MD wewe? Miaka sita hiyo, kwa korosho za nani?

#20 Dkt Mtarajiwa
Mitano, wa sita ni intaneshipu na hiyo unalipwa posho. Samahani nimepita tu niko mwaka wa pili.

#21 Korosho Ghafi
Haya mitano. Bado TANECU (ushirika wetu wa korosho) haitoshi.

#22 Dkt Mtarajiwa
Kwa kuwa nimeshaongea ngoja nimalizie. Darasani kwetu tuko nao wa diploma kadhaa na kati yao kuna kaka mmoja aliwahi kudisko chuo kingine, yeye alisema tangu anaomba. Hakuna aliyemkata. Walimpigia simu wakamuuliza kilichotokea akaeleza. Na huyu ndio tunamkimbilia tukienda wodini maana anajua kushika mgonjwa sisi bado tunajua kushika notisi. Kuhusu sifa mjomba hakikisha kwanza hizi, diploma ya Clinical Medicine wanataka wastani wa B au GPA isiyopungua 3.5, halafu kidato cha nne awe na angalau D kwenye hesabu, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Hiyo hesabu inaua watu wengi. Fungua kitabu cha TCU cha mwaka huu muone kilivyo maana huwa wanabadilisha.

#23 Nachi One
Mbona mimi najua GPA 3.0 inatosha?

#24 Dkt Mtarajiwa
Hiyo kwa kozi nyingine. MD 3.5.

#25 Nachi One
Haya, na ile namba ya uthibitisho ya TCU anayo?

#26 Dirisha la Tatu
Ile ni AVN na inatolewa na NACTVET sio TCU. Bila hiyo mwenye diploma haombi popote. Mleta uzi angalia kama anayo, watu wanahangaika na boksi la maelezo kumbe AVN hawana.

#27 Mjomba Kitangari
AVN anayo. Hesabu ana D ya kubembeleza. GPA nimeshasema.

#28 Mkazi wa Shangani
Nina swali la pembeni. Alipoomba hicho chuo cha CO aliulizwa kuhusu MD? Maana kama kule alisema hapana basi huku akisema ndiyo anajichoma.

#29 Mjomba Kitangari
Nimempigia. Anasema kule walitaka matokeo ya kidato cha nne tu, kemia, baiolojia na fizikia, hakuna aliyemuuliza habari ya MD wala kidato cha sita. Wenzake darasani ndio hawakujua. Kasema alikaa miaka mitatu anajifanya anashangaa anatomia kama wengine. Hapo nilinyamaza kidogo kwenye simu.

#30 Mbongo wa Ohio
Wakuu habari za nyumbani, mimi ni mtoto wa Lindi mjini niko Marekani, mke wangu alipitia mchakato wa kuomba udaktari huku. Huku MD unaomba baada ya digrii ya kwanza, na shule nyingi unaziomba kupitia mfumo mmoja unaitwa AMCAS, uko chini ya umoja wa vyuo vya udaktari AAMC. Masharti yao yamenyooka, kila chuo ulichowahi kujiandikisha baada ya sekondari unakitaja, hata kama ulisoma muhula mmoja ukaacha, hata kama huna cheti, na matokeo yake yanatumwa na chuo chenyewe sio wewe. Ukificha wanakuchunguza na matokeo ya uchunguzi yanapelekwa kwenye shule ulizoomba. Uingereza vilevile, UCAS wanataka mpaka masomo uliyofeli. Mimi naona hoja ni kwamba daktari anaandika kwenye faili vitu ambavyo hakuna mtu mwingine aliviona, kwa hiyo wanaanza kumwangalia anavyojiandika yeye mwenyewe.

#31 Kuchele Damu
Mtoto wa Lindi kafika Ohio na bado anaita Lindi mjini mjini 😂

#32 Mbongo wa Ohio
Nina pasi mbili na moyo mmoja, niache.

#33 Ming'oko na Chai
Marekani hao hao ambao vyeti vya unesi vinauzwa kama vocha?

#34 Mbongo wa Ohio
Ni kweli, Januari 2023 FBI walitangaza ile Operation Nightingale, vyuo vitatu vya Florida vimeuza zaidi ya vyeti 7,600 vya uuguzi. Na kilichowasumbua watu ni kwamba kama 2,400 kati ya hao walikwenda kukaa mtihani wa leseni wakafaulu. Mtihani wa kweli, cheti cha uongo. Yaani ni yule mama wa @BintiMasasi kwa kiwango cha Marekani.

#35 BintiMasasi
Yaani nimesoma hapo nikakaa.

#36 Mzee wa Mikindani
Hapo ndipo mimi huwa siwaelewi wasomi. Kama kafaulu mtihani wa leseni kasoro yake nini? Na kama mtihani unaweza kufaulika bila shule, tatizo liko kwa aliyenunua au kwenye mtihani?

#37 Wakili Msomi wa Chikongola
Mzee mtihani unapima vitu vichache ulivyoulizwa. Vile ambavyo hukuulizwa ndio cheti kinavibeba.

#38 Mzee wa Mikindani
Na yule nesi wa Masasi vitu ambavyo hakuulizwa alikuwa anavijua vyote, saa nane za usiku na tochi.

#39 Wakili Msomi wa Chikongola
Huyo simpingi mzee. Lakini dada yake naye ana cheti ambacho hawezi kukitumia tena.

#40 Kangomba Mstaafu
Nimesoma uzi wote nimechoka. Watu wa kusini sisi tunajua mambo ya njia ya mkato kuliko mtu yeyote, kangomba (korosho ya magendo nje ya mnada) tumeinunua na kuiuza. Mkulima ana shida leo, anakupa kilo kwa bei ya kutupa, mnadani wenzake wanavuna pesa yeye anaangalia. Huyo dogo akibonyeza hapana ndio anauza kangomba, anapata nafuu ya leo.

#41 Ming'oko na Chai
Kangomba Mstaafu anatoa mawaidha, dunia imekwisha.

#42 Kangomba Mstaafu
Nimestaafu jamani mbona jina linajieleza.

#43 Mkazi wa Shangani
Hivi hakuna anayeuliza kwa nini alidisko? Kama sababu haijaondoka atadisko tena, aseme asiseme.

#44 Nachi One
Kiingereza. Shule zetu huku mwalimu wa fizikia mmoja kwa madarasa manne, mtoto anafika chuo anakutana na profesa anaongea kama redio ya nje.

#45 Dkt Mtarajiwa
Sio Kiingereza tu. Mwaka wa kwanza anatomia, fiziolojia na baiokemia zinakuja kwa pamoja. Ndanda unasoma ukikariri unafaulu, hapa unaambiwa kariri na uelewe na kesho kuna mtihani wa kutembea meza kwa meza, kila meza kiungo kina kibendera, kengele ikilia unahama uwe umejibu au hujajibu.

#46 Korosho Ghafi
Mimi nasema bumu. Likichelewa mtoto wa mkulima anakula mlo mmoja, mtoto wa Masaki anapelekewa chakula na dereva, halafu mnakaa mtihani mmoja.

#47 Kuchele Damu
Mapenzi. Mnazunguka tu.

#48 Mjomba Kitangari
Nimemuuliza sababu kwa mara ya kwanza tangu arudi, maana huu uzi umenitia ujasiri. Hakusema hata moja ya hizo. Anasema alipofeli jaribio la kwanza aliona aibu akaacha kukaa mbele, akaacha kuuliza, akaanza kusoma peke yake usiku ili wenzake wasione hajui. Wenzake walikuwa wanasoma makundi. Basi. Na Korosho usifurahi, bumu anasema lilichelewa kweli.

#49 Korosho Ghafi
Sijafurahi ila nimeshinda.

#50 Dirisha la Tatu
Hiyo ndio aandike kwenye boksi! Kwa ufupi. Maafisa hawasomi riwaya. Mwaka gani, chuo gani, kozi gani, aliachishwa kwa sababu gani, tangu hapo kafanya nini. Mistari mitano inatosha.

#51 Mjomba Kitangari
Kaandika hii kanitumia wasapu, naibandika ilivyo nimetoa jina la chuo tu:

"Nilidahiliwa shahada ya udaktari chuo fulani. Sikufaulu mitihani ya mwaka wa kwanza pamoja na ya marudio nikaachishwa masomo. Mazingira ya chuo yalikuwa magumu, wahadhiri walikuwa hawapatikani, mkopo ulichelewa na nilipata matatizo ya kifamilia. Baadaye nilisoma Diploma ya Clinical Medicine na nimefaulu kwa GPA 3.8. Nafanya kazi zahanati. Naomba nafasi."

#52 Wakili Msomi wa Chikongola
Matatizo ya kifamilia yapi?

#53 Mjomba Kitangari
Hayakuwepo. Ni mama yake kasema aongeze.

#54 Wakili Msomi wa Chikongola
Toa. Mtu anasema ukweli wa kudisko halafu anaupamba na uongo wa familia, wakimuuliza msiba wa nani atamzika nani?

#55 Dirisha la Tatu
Na hao wahadhiri hawapatikani toa pia. Inaweza kuwa kweli lakini anayesoma ni mhadhiri.

#56 Mbongo wa Ohio
Aweke ile ya kusoma peke yake, na aseme CO alisomaje tofauti. Hiyo ndio wanaitafuta huku.

#57 Ming'oko na Chai
Mnamuandalia mtoto mazishi mazuri. Nimewasikiliza wote na bado nasema kuna watu wamebonyeza hapana na leo ni madaktari bingwa, mnatibiwa nao. Waliokamatwa mnawajua kwa sababu walikamatwa. Ambao hawakukamatwa mtawajuaje?

#58 Mkazi wa Shangani
Hii ni hoja jamani hata kama ni ya Ming'oko.

#59 Nachi One
Huwa wanakamatwa kwa wivu. Sio mfumo. Mtu uliyesoma nae mwaka wa kwanza anakuona una stethoskopu shingoni, anauliza huyu si alidisko? Simu moja.

#60 BintiMasasi
Yule mama nae walisema kachomewa. Wengine wanasema shemeji, wengine wanasema ni kompyuta tu.

#61 Mzee wa Mikindani
Huku kwetu hata kompyuta ina ndugu.

#62 Mjomba Kitangari
Wadau, mrejesho. Jana tumekaa mimi, dada na shemeji, dogo kwenye simu spika juu. Dada kalia kidogo, hasa ile ya asilimia 25, anasema kumbe nimemuongezea mwanangu deni. Shemeji kasema malipo ya mnada yakitoka atatoa nusu, nusu mimi. (Mjomba ndio anaulizwa na ndio analipa, andikeni hiyo.) Maelezo dogo kayaandika upya, katoa wahadhiri katoa familia, kaongeza kwamba CO walikuwa wanasoma watu sita kwenye kibaraza cha msikiti baada ya Isha na yeye ndio alikuwa anawafundisha anatomia. Akabonyeza ndiyo. Bado hajatuma, kijana wa steshenari kasema mtandao uko chini aje kesho.

#63 Korosho Ghafi
Hongera mjomba. Kibaraza cha msikiti kimenimaliza.

#64 Ming'oko na Chai
Namtakia heri kwa moyo mweupe ila nimesema nilichosema.

#65 Dirisha la Tatu
Safi. Swali la mwisho, akaunti ya maombi imefunguliwa kwa namba ya simu ya nani na nenosiri analo nani?

#66 Mjomba Kitangari
Ya kijana wa steshenari. Anasema anawafungulia wote hivyo, ni rahisi.

#67 Dirisha la Tatu
Mjomba!! Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja ile namba maalumu ya kuthibitisha inakuja kwa SMS kwenye namba hiyohiyo. Asipothibitisha ndani ya muda nafasi imepotea. Na huyo huyo ndio aliyekuwa anataka hapana, mna uhakika atatuma ndiyo?

#68 Kuchele Damu
😂😂😂 Ntwara tunapendwa.

#69 Mjomba Kitangari
Kesho saa moja asubuhi niko hapo stendi mwenyewe. Hatafungua duka kabla sijafika.